Vioo vya Nchi ya Mbelewazi

Sogeeni, kaeni mkao wa kula, hii imeiva. Ni habari ya Somoe, fundi wa vioo vya magari, na nchi ya Mbelewazi aliyoingia na kisanduku kimoja cha vifaa. Mnataka kujua alifikaje? Alifika. Njia ilikuwa ndefu, vumbi lilikuwa vumbi, na tusiharibu wino kwa vumbi.

Somoe alikuwa mwanamke wa makamo, vidole vyake vina makovu madogo madogo ya kukatwa na vioo, na macho yake yalikuwa na tabia moja. Yakiliona gari hayatazami rangi wala magurudumu, yanatazama masikio. Masikio ndilo jina alilovipa vile vioo viwili vya pembeni, kimoja huku, kimoja kule, vinavyomwambia dereva nani anakuja nyuma yake. Miaka ishirini alikuwa akivikata, akivipaka dawa ya fedha mgongoni, akivifunga na kuvitega. Basi aliposikia kwamba iko nchi ambayo vioo vya magari yake ni vikubwa kama sinia za pilau, moyo haukutulia tena. Akajisemea, "Hao ndio mafundi. Ngoja niende nikajifunze."

Aliyempokea mpakani alikuwa Bwana Fikirini, Mkaguzi Mkuu wa Vioo, mtu mrefu mwenye kofia nyekundu. Kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka brashi tatu za rangi.

"Nyuma kweupe!" akamsalimu.

Somoe hakujua ajibu nini. "Salama tu, bwana."

"Sivyo, bibi mgeni. Hapa kwetu mtu akikwambia nyuma kweupe, unamjibu: na kubaki kweupe."

"Na kubaki kweupe."

"Vizuri sana. Haya, tuone vioo vyako."

Akainama kwenye kioo cha kulia cha pikapu ya Somoe. Mara akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Bibi! Mna vitu humu ndani!"

"Vitu gani?"

"Ng'ombe! Na mtu wa baiskeli. Na mwingine huyu hapa, mama yangu, anakuja!"

"Ndiyo, wako nyuma yetu. Wanangoja tupishe njia."

Bwana Fikirini akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mwenye homa anayesema peke yake. "Masikini. Safari yote hiyo umekuja na makundi haya yakikuandama machoni! Lazima umechoka." Akatoa karatasi mbili zenye gundi, akazibandika juu ya vioo, akazipapasa mpaka zikalala sawasawa. Zilikuwa picha. Kila moja ilikuwa na njia iliyonyooka, majani mabichi huku na huku, anga safi, na hakuna kiumbe hata mmoja. "Nimezichora mwenyewe," alisema, na alisema kwa fahari. "Hulipi kitu. Serikali inatoa."

Nyuma yao ng'ombe alilia. Bwana Fikirini alitabasamu tu, akasema, "Pita, bibi."

Mjini Somoe aliona mambo. Vioo vilikuwa vikubwa kweli, tena vikubwa kuliko alivyoambiwa. Fremu zake zilinakshiwa kama milango ya matajiri, nyingine zimetungwa shanga, nyingine zina pindo la nyuzi za dhahabu linalopepea. Zilishikwa na mikono mirefu ya chuma iliyotoka nje ya gari hata magari mawili yakipishana vioo viligongana, ko!, na madereva wakapongezana. Upepo ulivipiga hata gari likikimbia likawa linapiga mbinja, na watu walizijua mbinja za wakubwa kwa masikio tu. "Huyo daktari," walisema. "Huyo mwenye kiwanda cha sabuni."

Lakini kioo chenyewe, kile cha kuangalia, hakikuwamo hata kwenye gari moja. Ndani ya kila fremu mlikuwa na picha ya njia tupu.

Na kwa kuwa hakuna aliyeona nyuma, hakuna aliyerudisha gari nyuma. Njia ikiisha, dereva alizima moto, akashuka, akaita Wageuzaji. Hao walikuwa wanaume wanane wenye misuli na sare za kijani, waliolibeba gari kama jeneza, wakaligeuza, wakaliweka chini likitazama linakotakiwa kwenda. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilikuwa na chama chake.

Kwa vile alikuwa fundi na alikuwa mgeni, Somoe alikaribishwa kwenye Baraza la Wahandisi wa Vioo. Aliwakuta kwenye mjadala uliokuwa na miezi minane. Walikuwa wakijadili kama picha ya njia inaweza kuwa na kivuli cha mti.

"Kivuli ni cha mti," alisema mhandisi mmoja mnene, "na mti si mtu. Kitapunguza ukali wa jua machoni mwa dereva."

"Leo kivuli cha mti," akajibu mwenzake mwenye ndevu. "Kesho ndege juu ya mti. Keshokutwa mtu amekuja kumpiga manati huyo ndege. Tutaishia wapi, ndugu zangu?"

Wakapiga makofi. Kivuli kikakataliwa.

Somoe akanyoosha kidole. "Wakubwa zangu, niulize. Kama kioo hakionyeshi aliye nyuma, dereva anamjuaje?"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa mstaarabu, akamweleza taratibu. Zamani, alisema, Mbelewazi ilikuwa na vioo vya kweli, vile vilivyotuna kidogo kama tumbo la chungu. Siku moja Mkuu wa nchi, akiendesha mwenyewe, aliona kwenye kioo chake lori dogo kama kibiriti. "Kadogo hako!" akasema, akakata kulia. Alilala kitandani miezi mitatu.

Somoe akaitikia kwa kichwa, maana hilo kila fundi analijua. Kioo kilichotuna kinaona eneo pana, lakini kinalipa kwa kupunguza: kila kitu kinakuwa kidogo, na mtu asiyefundishwa huona kidogo akadhani mbali.

"Kwa hiyo mkawafundisha madereva?" akauliza.

"Hapana. Tukaunda kamati. Kamati ikaona kwamba kioo ni mwongo, na tena ni mwongo wa kubadilikabadilika, asubuhi anasema hivi, jioni vile. Picha haibadiliki. Ndipo tukatunga ile sheria yetu kubwa: kioo cha gari ndicho shahidi. Asiyeonekana kwenye kioo hakuwepo." Mwenyekiti akafungua mikono. "Tangu siku hiyo, bibi, hakuna gari la Mbelewazi lililowahi kumgonga mtu aliye nyuma yake. Hata moja. Angalia takwimu."

Somoe alitoka pale kichwa kikimzunguka. Akatafuta pa kulala, akaelekezwa kwa Siwema binti Vuai, muuza maziwa, ambaye alikuwa na chumba cha uani.

Siwema alikuwa ameketi kizingitini, mguu wa kulia umefungwa vipande viwili vya mwanzi kwa upande wa kanga kuukuu. Kando yake palikuwa na baiskeli iliyopinda gurudumu na dumu la maziwa lililobonyea.

"Pole, dada. Mguu umefanya nini?"

"Haukufanywa kitu."

"Mbona umefungwa?"

"Napenda mapambo." Siwema akacheka kicheko kikavu, halafu akaona uso wa mgeni, akaacha. "Kaa, shoga. Wewe si wa hapa, wewe nitakwambia."

Akamwambia. Wiki tatu nyuma alikuwa anapeleka maziwa, akienda sambamba na pikapu ya Bwana Mbaruku, pale karibu na gurudumu la nyuma. Bwana Mbaruku akatupa jicho kwenye kioo chake, akaona njia tupu, akahamia kulia. Baiskeli ikaenda chini, na Siwema akaenda nayo. Pikapu ikaendelea na safari yake ikipiga mbinja.

"Hakusimama?"

"Asimamie nini? Mbaruku si mtu mbaya, jirani yangu. Kioo kimemwambia hakuna mtu." Siwema akajipapasa goti. "Nikaburuzwa hospitali. Daktari kaniuliza, umegongwa wapi? Nikasema ubavuni mwa gari, huku nyuma. Kioo cha gari kilikuwa safi? Nikasema safi. Akaweka kalamu chini. Mama, akasema, mimi natibu waliopo. Uliyekuwa huko hukuwepo."

"Ukafanyaje?"

"Nikafanya ujinga, nikashitaki. Sasa kesi nimegeuziwa mimi: nadai kuwepo mahali ambapo kioo kinasema hapana mtu. Ijumaa ndiyo hukumu. Nikishindwa nafutwa kwenye Daftari la Waliopo."

Somoe akauliza kufutwa ndiyo nini hasa. Siwema akatazama ukutani alipojibu. Ukifutwa, alisema, hakuna anayekuuzia chumvi, hakuna anayeitikia salamu yako, unahamia huko nyuma ya njia na wenzako waliofutwa, na kupita mbele ni marufuku. "Mwanangu Mwanaisha anaolewa mwezi huu. Kwenye karatasi ya ndoa kuna mahali pa jina la mama. Wataweka mstari. Mimi nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemsomesha kwa maziwa haya, halafu mstari!"

"Hao waliofutwa ni wengi?"

"Wamejaa tele. Hukuwaona ulipokuja?" Kisha akakumbuka, akacheka tena. "Aa, ungewaonaje. Umeshabandikwa karatasi."

Siku zilizobaki Somoe hakukaa. Alikwenda kwenye ofisi ya mahakama, akaomba aonyeshwe ile sheria kubwa, akaisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Ilisema kioo ndicho shahidi. Akaisoma tena. Hakuna mahali iliposema kioo maana yake ni picha. Picha zilikuwa desturi tu, zilizolelewa na ofisi ya Bwana Fikirini mpaka zikaota mizizi. Somoe akafunga kitabu, akashukuru, akaenda kunoa bisibisi yake.

Ijumaa asubuhi uwanja wa mahakama ulifurika. Watu wote waliketi mbele ya Hakimu Mwinyikombo, maana nyuma ya hakimu haketi mtu. Alikuwa mzee mfupi, mwenye macho makali, aliyeipenda sheria kuliko chakula. Wageuzaji waliileta pikapu ya Bwana Mbaruku mabegani, wakaitua katikati, ubavu wake wa kulia karibu na ukuta. Siwema akaamriwa asimame pale pale anapodai aligongwa, kando ya gurudumu la nyuma, akaegemea mkongojo wake.

Bwana Fikirini akaifuta vumbi picha ya kioo cha kulia kwa leso ya hariri. "Shahidi, sema," akasema.

Picha ikanyamaza, njia yake tupu, anga yake safi.

"Shahidi amesema," Hakimu akasema. "Hapana mtu. Je, kuna—"

"Mheshimiwa, naomba na kioo changu kisikilizwe."

Watu wakageuza macho, lakini si shingo, maana shingo hazikuzoea. Somoe alisimama mstari wa mwisho na kisanduku mkononi.

"Wewe ni wakili?" Hakimu akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni fundi."

Kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Fundi cherehani au fundi mwashi?" Mwingine akajibu, "Fundi wa kupotea njia!"

Somoe akangoja wamalize. Alikuwa na subira, maana kioo hakikatwi kwa papara. "Sheria imesema kioo cha gari ndicho shahidi," alisema. "Haikukataza kulibadilishia gari kioo. Nitakifunga hiki, kiwe cha gari hili. Halafu wewe mwenyewe ukae kwenye usukani, ukiulize."

Hakimu akajikuna kidevu. Aliitafuta kasoro ya maneno hayo kwenye sheria, akaikosa, na kwa kuwa alikuwa mkweli katika kupenda kwake, akasema, "Kifunge."

Somoe akalegeza skrubu nne, ile sinia yenye nakshi ikaanguka chini, kwangwaraa! Wanawake wakashika vifua. Kutoka kwenye kisanduku akatoa kioo cha kulia cha gari lake mwenyewe, akashika ncha ya ile karatasi ya serikali, akaibandua. Bwana Fikirini alifumba macho kama anayechomwa sindano.

Hakimu akapanda, akakaa, akatazama kioo kipya.

"Namwona mtu," akasema.

Uwanja ukavuta pumzi.

"Ni mzee. Ana sura nzuri tu. Ana kofia kama yangu."

Walicheka mpaka wengine wakaanguka chini. Huo mkono wa chuma, Somoe alitambua, mafundi wa Mbelewazi walikuwa wameutengeneza umtazame dereva usoni, ili aione picha vizuri. Akaulegeza mkono huo, akakisukuma kioo nje, kidogo, na kidogo tena. "Ukimwona aliyekaa kwenye usukani, Mheshimiwa, kioo kinamtazama mwenye gari tu. Ubavu wa gari uonekane upana wa kidole kimoja, basi. Kwingine kote iwe njia. Sasa?"

"Sasa naona njia," Hakimu akasema. Akasogeza uso. "Naona lango la nondo. Naona njia nje ya lango. Tupu."

"Tupu!" Bwana Fikirini akaruka. "Mmesikia? Kioo cha mgeni kimekubaliana na picha yangu! Tena mimi njia yangu ina majani!"

Makofi yakapigwa. Siwema, pale kando ya gurudumu, alishusha kichwa. Somoe akamtazama, kisha akakitazama kioo. Kioo hiki kilikuwa bapa. Kioo bapa kinasema ukweli juu ya ukubwa, lakini kinaona chembamba, kinaacha kona iliyofichika ubavuni mwa gari, pale pale anaposimama Siwema. Miaka ishirini kazini, na kwa wasiwasi wa macho ya watu amesahau kitu cha kwanza alichofundishwa.

"Mheshimiwa," akasema, "nimekosea."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa ndani ya mahakama ile tangu ijengwe. Karani aliinua kalamu, akaishusha, hakujua linaandikwa kwenye safu ipi.

"Umekosea nini?" Hakimu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Nimekuletea shahidi mmoja, na kazi hii ni ya wawili. Huyu ananyoosha maneno lakini haoni kando. Ngoja nimpe mwenzake."

Akatoa kioo kidogo cha mviringo, kipana kama kifuniko cha birika, kilichotuna tumbo. Akakipaka gundi mgongoni, akakibandika kwenye kona ya kioo kikubwa, akakibonyeza kwa dole gumba huku akihesabu moyoni. Alipoondoa kidole alirudi nyuma hatua mbili, kwa kurudi nyuma hasa, na watu wakaguna.

Hakimu akatazama. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Namwona mwanamke," akasema polepole. "Ana mkongojo. Lakini ni mdogo. Mdogo kama punje ya mchele iliyojifunga kanga."

"Ndicho hicho!" Bwana Fikirini alipiga kelele, na safari hii hapakuwa na mzaha sautini, palikuwa na hofu. "Ndicho kile kile kilichomlaza Mkuu kitandani! Mheshimiwa, mtu wa ukubwa wa punje hayuko duniani. Na kama yuko, basi yuko mbali sana, na mtu wa mbali hagongwi!"

Wahandisi wakaunga mkono. Hata Bwana Mbaruku, aliyekuwa amekaa kimya na kofia mapajani, aliinua kichwa kwa matumaini.

Hakimu akamgeukia Somoe kupitia dirishani. "Fundi. Huyu mwanamke yuko umbali gani?"

Hapo Somoe angeweza kusema mengi. Angeweza kueleza habari za tumbo la kioo na jinsi mwanga unavyorudi, na wahandisi wangemjibu, na mjadala ungemaliza miezi minane mingine. Akasema maneno mawili.

"Nyoosha mkono."

"Wapi?"

"Nje ya dirisha, Mheshimiwa. Nyuma kidogo."

Mzee Mwinyikombo alikuwa hajawahi kupeleka mkono wake huko. Akautoa polepole, kama mtu anayeingiza mkono shimoni asijue kuna nini, vidole vikipapasa hewa. Na Siwema akauachia mkongojo ukaanguka, akasonga kwa mguu mmoja, akaushika.

Hakimu akashtuka mwili mzima. Lakini hakuuvuta mkono.

"Una joto," akasema. "Mkono una joto. Wewe ni nani?"

"Siwema binti Vuai, Mheshimiwa. Muuza maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya nyumbani kwako. Mwaka wa kumi na moja huu. Wewe unapenda ya mgando, na hupendi yakae kwenye chupa ya plastiki."

Kicheko kilichopasuka hapo hakikuwa kile cha kwanza. Mke wa Hakimu, mstari wa mbele, alisikika akisema, "Si nilikwambia mwenye maziwa yupo!" Na Hakimu, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa Siwema, alikuwa bado anatazama kile kioo kidogo, kwa sababu kioo kilichotuna kinaona pana, na nyuma ya Siwema kilikuwa kinaona mengine.

"Na hawa je?" akauliza. "Hawa nje ya lango, kando zote mbili za njia, wadogo kama ufuta?"

"Ni waliofutwa, Mheshimiwa."

"Ni wangapi?"

"Kioo unacho," Siwema akasema. "Hesabu."

Hakimu akapaza sauti kupitia dirishani, kuelekea nyuma, jambo ambalo hakimu hajawahi kufanya: "Nani yupo huko?"

Kwanza hakuna aliyejibu. Watu waliozoea kutokuwepo hawajibu upesi. Halafu sauti moja ya mzee, ya kukwaruza, ikatoka nje ya ukuta: "Nipo!" Ikafuata ya mwanamke. "Nipo!" Ikafuata ya watu wawili kwa pamoja, kumi, mia, mpaka njia nzima ikawa inanguruma nipo, nipo, nipo, na sinia ya nakshi iliyoanguka chini ikawa inatetemeka juu ya mawe.

Mzee Mwinyikombo akashuka kwenye gari. Akasimama mbele ya watu wake, akageuka: shingo, mabega, kiuno, miguu, mtu mzima. Mifupa ilimlia. Akatazama nyuma kwa macho yake mwenyewe muda mrefu, na alipowarudia uso wake ulikuwa umelowa.

"Karani, andika," akasema. "Kioo ndicho shahidi, na shahidi amesema. Siwema binti Vuai alikuwepo, na yupo. Leteni Daftari la Waliopo, na leteni wino wa kutosha, maana leo hatutoki hapa mapema."

Vigelegele! Wageuzaji, kwa kuwa hawakujua kushangilia kwa njia nyingine, waliibeba ile pikapu wakaizungusha mara tatu na karani akiwa ananing'inia mlangoni. Lango likafunguliwa. Watu wa nyuma wakaingia, wengine wakiona nyuso za ndugu zao kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na salamu walizopeana hapo hakuna aliyezitunga kabla.

Bwana Mbaruku alikuja kwa Siwema kofia mkononi. "Dada, wallahi sikukuona."

"Najua. Ungenionaje, na umechorewa majani?" Akamtazama. "Haya, usisimame unalia. Nipeleke hospitali, mguu unaniuma. Na ole wake daktari aweke kalamu chini."

Daktari hakuiweka. Mguu ulinyooshwa, ukafungwa vizuri, na siku ya harusi ya Mwanaisha, mahali pa jina la mama, paliandikwa Siwema binti Vuai kwa herufi kubwa kuliko za bwana harusi. Pilau ililiwa kwenye sinia za nakshi, maana zilikuwa zimebanduliwa magarini kwa mamia, na kila mtu alikubali kwamba hiyo ndiyo kazi zilizokuwa zikiitafuta siku zote.

Somoe alikaa msimu mzima akiwafundisha mafundi wa Mbelewazi kukata kioo, kukitega, na kupima upana wa kidole. Walikuwa wanafunzi wazuri. Mikono yao ilijua nakshi, haikushindwa na pembe. Baraza la Wahandisi liliendelea kubishana, lakini sasa lilibishana likiwa ndani ya magari, na lilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Bwana Fikirini alijifungia ndani siku tatu. Siku ya nne akaja karakana na brashi zake, kofia imelala upande. "Bibi fundi," akasema, "mimi kazi yangu ni kuchora njia tu. Sasa njia inajichora yenyewe."

"Mwandiko wako ukoje?"

"Mzuri," akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi keti."

Tangu siku hiyo kila kioo kilichotuna cha Mbelewazi kina maneno mawili chini ya ukingo wake, yameandikwa kwa brashi nyembamba na mkono usiotetemeka: Nyoosha mkono. Na salamu nayo ikabadilika. Wakikutana sasa, mmoja anauliza, "Nani nyuma?" Mwenzake anajibu, tena kwa sauti, "Nipo!"

Siku ya kuondoka, Somoe alikirudisha kwenye gari lake kile kioo cha kulia pamoja na mwenzake mdogo, akaibandua na ile karatasi ya kushoto, akaikunja, akaitia kisandukuni kwa ukumbusho. Akawasha gari. Kwenye vioo vyake aliiona Mbelewazi yote: karakana, uwanja wa mahakama, watu njiani wakipunga. Vikawa vinapungua, vinapungua. Moyo ulikuwa mzito, na alikuwa karibu kukanyaga mafuta aondoke upesi, alipotupa jicho kwenye kile kioo kidogo cha mviringo. Palikuwa na kitu. Kidogo kama punje ya mchele iliyojifunga kanga, juu ya baiskeli.

Somoe akatoa mkono nje ya dirisha, akaurudisha nyuma kidogo, kiganja wazi. Mara hiyo hiyo kikajaa chupa ya kioo, baridi, nzito, imejaa maziwa ya mgando hadi shingoni.

"Ulitaka kuniacha hivi hivi, shoga?" ilisema sauti ubavuni mwa gari.